Zamu Yako, Mdogo Wangu

Kompyuta ya Baba ilikuwa inalia. Ilitoa ule mlio wake mfupi, ting, kama kijiko kilichogonga glasi, kisha ikanyamaza. Tulikuwa tumeshamzika. Wageni walikuwa wamekwenda zao, viti vya kukodi vimerudishwa, na sebule ilikuwa imebaki kubwa kuliko tulivyoizoea.

"Izime," Mama aliniambia kutoka kwenye kochi. "Kila ikilia nadhani atainuka kwenda kuitazama."

Nami nilikuwa nadhani hivyo hivyo, ila sikumwambia. Nikaenda pale kwenye kona, nikaondoa kitambaa ambacho Baba alikuwa akiifunikia.

Baba alikuwa mtunza stoo. Maisha yake yote ya kazi alihesabu vitasa, mabomba na ndoo za rangi, na ofisi yao ilipoleta kompyuta, yeye ndiye aliyepelekwa mafunzo kwa sababu wenzake waliziogopa. Alirudi na cheti na ugonjwa mmoja usiopona: barua pepe. Aliziandika kama barua za serikali, na kichwa cha habari juu. Mimi mwanawe wa kumzaa niliwahi kupokea barua iliyoandikwa YAH: VITUNGUU, akinikumbusha niviletee nikitoka kazini. Iliishia na "Wako mtiifu, Baba." Niliisoma baada ya wiki, vitunguu vilishanunuliwa na kuliwa.

Maana nani siku hizi anasoma barua pepe? Mimi nafanya kazi kwenye duka la miwani, na anwani yangu ya barua pepe nimeibakiza kama watu wanavyobakiza ufunguo wa nyumba waliyokwisha kuhama. Binti yangu ndiyo kabisa. Siku moja aliniuliza, "Mama, imeili si ile ya kuombea kazi?" Yeye mambo yake yamo kwenye picha zinazofutika kesho yake. Siku babu yake alipofariki aliweka picha ya mshumaa, na ilipotimia siku moja mshumaa ukazimika wenyewe.

Sisi wa katikati tuna kundi. Ukoo Mmoja, ndilo jina lake, na wamo humo hadi watu ambao nikikutana nao njiani sitawajua. Harusi inatangazwa humo, mchango humo, mtoto kuota jino humo. Msimamizi wake ni kaka yangu, tunamwita Mwenyekiti, na mwenye sauti yake ni Shangazi, dada yake Baba. Nikisema sauti nasema sauti kweli. Shangazi haandiki. Anabonyeza, anaongea, anatuma, na unaweza kuosha vyombo vyote kabla hajamaliza kukusalimu.

Basi nikasogeza kile kipanya cha kompyuta, kioo kikawaka, na barua za Baba zikajitokeza. Za juu kabisa zilikuwa hazijafunguliwa, zote za mtu mmoja, zote na kichwa kile kile: YAH: ZAMU YAKO.

Zilitoka kwa Baba Mkubwa.

Inabidi nimwelezee huyu, maana siku zile jina lake lilikuwa limegeuka tusi nyumbani kwetu. Baba Mkubwa ni kaka yake Baba, na walizaliwa wawili hao na Shangazi tu. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha misumari katika mji mwingine, mbele ya mashine zilizokata chuma kutwa, na mashine zile zilikula masikio yake. Alipostaafu alikuwa hasikii simu, hasikii mlango. Kumsemesha inabidi upige kelele mpaka shingo ikutoke mishipa. Mke hana, alitangulia. Kwa hiyo Baba alimnunulia kompyuta ya mtumba, akaenda mwenyewe kumfundisha, na kuanzia hapo wakawa wanacheza drafti kwa barua pepe. Kila mmoja na ubao wake nyumbani, na vifuniko vya soda vikiwa kete. Mmoja anacheza, anamwandikia mwenziwe namba ya nyumba alikotoka na anakokwenda, mwenziwe anasogeza, anafikiri, anajibu. Mchezo mmoja ungeweza kuchukua mwezi. Na sheria yao ilikuwa ile ile ya utotoni: iliyoguswa imechezwa. Hakuna kurudisha kete, hata uwe umeigusa kwa kiwiko.

Mwenyekiti alimwingiza kwenye kundi, hilo lazima niseme. Baba Mkubwa akakaa humo akiona milolongo ya sauti asizoweza kuzisikia. Akaandika: "Wanangu, andikeni tafadhali, mimi sisikii." Na mmoja wetu, Mungu amsamehe, akamjibu kwa voisi. Watu wakacheka. Shangazi alituma voisi ya kicheko kitupu. Kesho yake likatokea lile neno dogo la kijivu kwamba ameondoka kwenye kundi, na juu yake zikashuka salamu za asubuhi na picha za maua, likafukiwa.

Basi kwenye mazishi nilipoona watu wanachungulia barabarani, nami nilichungulia. Hakuja. Shangazi alilia mpaka akakauka, kisha hasira ikamshika, akasema mbele ya watu, "Ndugu yake wa tumbo moja! Hata simu ya pole kwa shemeji yake! Basi, asiyekuwepo na lake halipo." Wazee wakatikisa vichwa. Niliona imemuuma Mama kuliko wote. Ilikubaliwa kwamba asitafutwe, na siku akijileta aulizwe kwanza.

Nikafungua barua ya zamani kuliko zote. Tarehe yake ilikuwa siku tuliyokuwa tunamwosha Baba.

"Mdogo wangu, salaam. Natumaini hujambo na shemeji hajambo. Mimi mzima ila goti. Nimetoka 22 nimekwenda 18. Sasa utajua hujui. Kaka yako."

Nikafungua iliyofuata. "Mbona kimya? Najua unatafuta pa kutokea. Hakuna. Kubali yaishe."

Iliyofuata: "Au shemeji anaumwa? Nijulishe."

Iliyofuata nilisoma nikiwa nimesimama, kwa sababu kiti kilikuwa cha Baba na sikutaka kukikalia. "Kama ni kwa sababu nilikuita mpishi wa kete, nisamehe. Ulikuwa utani. Wewe unajua mimi nikishinda mdomo hunikimbia."

Na ya mwisho, iliyolia muda ule ule: "Mdogo wangu. Nimeirudisha kete yangu 22. Sijawahi kumrudishia mtu, unajua. Cheza upya, nimekuachia mlango. Kaka yako."

Nikaketi kwenye kile kiti.

"Nini?" Mama aliuliza.

"Baba Mkubwa hajui," nilisema. "Hakuna aliyemwambia. Anamsubiri Baba acheze."

Mama alijifunika uso na kanga yake, akakaa hivyo.

Nikampigia Mwenyekiti. "Mimi nilijua Shangazi kamwambia," akasema. Nikampigia Shangazi. "Si nilituma kwenye kundi? Nilitangaza mwenyewe, kwa sauti yangu, nikilia!"

"Hayumo kwenye kundi, Shangazi."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipomcheka, akaondoka."

Simu ilinyamaza. Kwa Shangazi, kunyamaza ni jambo la kutisha. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Basi mwandikie hiyo imeili yao. Mwambie. Upesi."

Nilijaribu. Haki ya Mungu nilijaribu. Nilibonyeza pa kujibu, nikaandika "Baba Mkubwa, shikamoo", halafu nikatazama juu nikaona barua ile inakwenda kwa jina la nani. Ingemfikia kwa jina la Baba. Mzee angesikia furaha kwamba mdogo wake amejibu hatimaye, angekaa sawasawa, angevaa miwani, na angesoma kutoka kwa mdogo wake kwamba mdogo wake amekufa. Nikafuta. Anwani yangu mwenyewe nimesahau neno la siri zamani. Na hata ningelikumbuka, au ningemwandikia kwenye simu, mzee yule anaishi peke yake, angesoma bila mtu wa kumshika. Asubuhi nikapanda basi.

Baba Mkubwa anakaa kwenye chumba kimoja katika nyumba ndefu ya vyumba vya kupanga, milango yote ikitazama ua mmoja wenye bomba katikati. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni kwake, ananyoosha misumari. Mafundi seremala humletea misumari iliyopinda, naye huilaza juu ya kipande cha chuma cha reli na kuigonga mpaka inyooke. Aliwahi kuniambia kwamba alitengeneza misumari maisha yake yote bila kuona hata mmoja ukipigiliwa, sasa angalau anaona ilikokwenda.

Hakunisikia nikifika. Nilisimama mpaka kivuli changu kikamwangukia mikononi. Akainua uso, akanitambua, na uso wake ukafunguka wote. Kisha hakunitazama tena. Alitazama nyuma yangu, kwenye lango.

"Yuko wapi?" akauliza kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Kajificha? Mwambie atoke! Nilijua! Nilipomrudishia kete nikasema huyu sasa atakuja mwenyewe, hawezi kukaa!"

Majirani walikuwa wanatabasamu. Mama mmoja aliyekuwa anaanika nguo alinikaribisha kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimeukumbatia mkoba wangu.

"Shikamoo, Baba Mkubwa," nikasema.

"Marahaba, marahaba, mwanangu. Yuko wapi?"

Nikatoa simu, nikaandika maneno mawili, nikamwonyesha. Akaisukuma pembeni kwa mgongo wa mkono. "Sioni mimi, miwani iko ndani." Miwani yenyewe nilimtengenezea mimi. "Sema tu. Sema kwa nguvu, si unanijua mimi ni ukuta."

Nikasema, "Baba amefariki."

Akatega sikio, ananitazama midomo, anatabasamu bado. "Eeh?"

Nikasema kwa sauti zaidi. Yule mama wa nguo akasimama na shati mkononi. Baba Mkubwa akatikisa kichwa, akanisogelea. "Kwa nguvu, mwanangu!"

Kuna maneno yaliyoumbwa yasemwe polepole, umemshika mtu mkono, umemkalisha. Tangu Baba afariki kila mtu alikuwa ananong'ona nasi. Hata daktari alinong'ona. Na sasa nimesimama kwenye ua wa watu, jua limewaka, na mzee ananiomba nipige kelele. Nikajaza kifua. Na ukipiga kelele adabu inakudondoka, huwezi kusema amefariki, huwezi kusema ametutoka, unatupa lile neno lenyewe lilivyo.

"BABA AMEKUFA!"

Milango ikafunguka. Mtoto aliyekuwa bombani akaacha ndoo ifurike. Baba Mkubwa alikuwa bado ananitazama, amekunja uso, anatafuta. Wote pale uani walikuwa wameshajua isipokuwa yeye. Nikarudia, nikarudia tena, mpaka sauti ikapasuka. Ndipo yule mama akaangusha shati, akaweka mikono yake miwili kichwani.

Mzee akamwona. Akamtazama yeye, akanitazama mimi. Nyundo aliishusha chini taratibu, akaipanga kando ya misumari.

"Lini?" akauliza. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema kwa sauti ya chini.

Sikujibu kwa mdomo. Nilionyesha nyuma, kwa mkono, siku zilizopita. Kisha nikaonyesha chini, ardhini.

"Mmeshazika," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Waliniulizia?"

Nikaitikia.

"Walisema nini?"

Uongo wa kunong'ona ni rahisi, nimewahi kuusema mara nyingi. Jaribu kuupigia kelele. Nilifungua mdomo kumwambia kwamba walimsikitikia, na sikuweza, nikatazama misumari yake. Yeye akaelewa peke yake.

"Walidhani nimesusa," akasema. "Mazishi ya mdogo wangu, nisuse."

Tukaingia ndani. Kitanda, meza, kompyuta, na ubao wa drafti umewekwa kwenye stuli ya peke yake. Alivaa miwani. Akanionyesha kifuniko kimoja chekundu, akakigusa kwa kidole.

"Hii ndiyo niliyoirudisha. Tangu tukiwa watoto sijarudisha. Aliwahi kulia mpaka akatapika, na sikurudisha, mama yetu alinichapa na sikurudisha. Safari hii nikasema, kama imemuuma kiasi hiki cha kunikatia maneno, basi." Akakaa kitandani. "Kumbe nambembeleza maiti."

Akalia. Nimemwona Mama akilia, na Shangazi, na Mwenyekiti akijifanya ana mafua. Lakini mtu asiyejisikia analia tofauti, hajui analia kwa sauti kiasi gani. Nilimkumbatia na sikumnyamazisha. Nililia naye, na siku ile ndipo nilipomlilia Baba kwa haki yake, maana kule nyumbani nilikuwa nakatizwa katizwa na chai za wageni.

Simu yangu ilikuwa inatetemeka mkobani. Kabla ya kuondoka nyumbani nilikuwa nimeandika kwenye kundi kwamba Baba Mkubwa hakujua, na sasa toba zilikuwa zinashuka kama mvua ya mawe. Nyuso za kulia, mikono ya kuomba. Na Shangazi, naye ametuma. "Mpe asikie," lilikuwa limeandikwa chini, nadhani aliandikiwa na mjukuu. Ilikuwa voisi.

Baba Mkubwa aliona vile vijistari vikipanda na kushuka kwenye kioo. "Nani?"

Nikachukua karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa kama zile za ukutani dukani kwetu: DADA YAKO.

"Anasemaje?"

Nikaiweka simu sikioni. Shangazi alikuwa analia tu. Katikati ya kilio aliita jina la utotoni la kaka yake, ambalo sikuwahi kulisikia, akasema kosa, kosa, akalia tena, ikaisha. Nikaandika: ANALIA. ANASEMA KOSA NI LAKE.

Aliisoma karatasi kwa muda, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa shati.

"Mwambie aandike," akasema. "Hata neno moja. Nitasoma."

Nilimwomba tuondoke pamoja, nimpeleke kaburini, Mama anamhitaji. Akakataa, lakini si kwa ubaya. Alisema kaburi halikimbii, atakuja mwisho wa wiki na basi la asubuhi, ila leo nimwache na ubao wake. Nikamtazama yule mama wa nguo, akaniambia niende, hatalala peke yake, watamwangalia. Nikarudi.

Nilifika nyumbani nikamkuta Mama kwenye kochi lile lile. Nikamweleza yote. Aliniuliza kama kaka mtu amekula, nikasema sijui, akanikemea, na kukemewa kule kulinipa nafuu. Mwenyekiti alikuwa ameshamrudisha Baba Mkubwa kwenye kundi na ameandika tangazo kwamba kuanzia leo watu waandike. Chini ya tangazo, watu watatu walikuwa wameshakubali kwa voisi.

"Sasa izime," Mama aliniambia. "Habari imefika. Hakuna tena wa kuiliza."

Nikaenda kwenye kona, nikaondoa kitambaa, nikanyoosha mkono. Na hapo ikalia.

YAH: MSIBA.

Mama aliniambia nisome kwa sauti. Nikasoma.

"Mdogo wangu, salaam. Leo mwanao amekuja. Amefanana na wewe kwenye paji la uso, sikuwa nimeona. Ameniambia habari yako. Nimeona nikuandikie wewe kwanza, kwa sababu jambo lolote likinipata nakuandikia wewe, na leo nilipokaa hapa sikujua pengine pa kuandika. Wanasema walitangaza. Mimi sikusikia. Wengine hawatanielewa, wewe unayajua masikio yangu. Kete niliyoirudisha nimeiacha pale pale. Nikifika mwisho wa wiki nitakaa kwenye ubao wako, nione ulikuwa umefikiria nini. Usihangaike kujibu. Kaka yako."

Nilipomaliza, mkono wangu ulikuwa bado uko kwenye kitufe. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, sikujua ameinuka saa ngapi.

"Iache," akasema. Akakichukua kitambaa mkononi mwangu, akakikunja, akaenda kukiweka kabatini.